Kitalu kihamie barazani: namna ya kuikwepa mvua ya Aprili Bukoba na Muleba

Mkulima wa nyanya wa Bukoba hahitaji kwenda mbali kumtafuta adui yake. Mji huu hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo inayobeba fungu kubwa kuliko miezi yote. Aprili hiyohiyo, pamoja na Mei inayoifuata, ndio wakati ambao mtu mwenye hesabu nzuri angetakiwa awe na kitalu cha nyanya. Miche ya wiki nne au tano ikienda shambani mwanzoni mwa Juni hukuta mvua zimepungua, huchanua katika miezi mikavu, na bakajani chelewa haipati unyevu wa kuitafuna kama inavyofanya masika.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Kwenye tuta ni habari nyingine. Mbegu zinasiwa, nyasi zinatandazwa juu, na baada ya siku sita au saba vijani viwili viwili vinachungulia. Mkulima anaondoa nyasi na kusimika kichanja. Usiku inanyesha. Matone yanarusha tope hadi kwenye majani, maji yanatuama kati ya mistari, na siku mbili tatu baadaye miche inaanza kulala. Ukiinama kuikagua unaona majani bado mabichi, hayana hata doa. Kasoro iko chini, pale shina linapotokea udongoni: pamelowa, pamegeuka kahawia, pamekonda kama uzi. Ukiugusa mche unakatika. Ugonjwa huu huitwa kinyausi, na vimelea vyake vya jamii za Pythium na Rhizoctonia hustawi kwenye udongo usiopata nafasi ya kukauka. Ukianzia kona moja ya tuta, wiki haiishi kabla haujafika kona ya pili.

Zamani jibu lilikuwa kusia mbegu nyingi ili zinazobaki zitoshe. Jibu hilo lilifaa enzi za mbegu za kawaida. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina punje zipatazo 300, na aina kama Tanya au Tengeru 97, zilizozalishwa na watafiti wa Tengeru mkoani Arusha, bei yake haikumuumiza mtu. Mbegu chotara zimebadilisha mambo. Hizi mkulima huzinunua kwa pesa nyingi, na nyingine hufungwa kwa idadi ya punje badala ya uzito. Kuzipeleka kwenye tope la Aprili na kutegemea bahati ni kuchezea mtaji.

Kwa sababu hiyo, mtambo mdogo wa mezani unaotumiwa ughaibuni kuoteshea mboga jikoni, bila udongo hata kijiko, unastahili kuangaliwa upya na watu wa Kashai, Rwamishenye, Nshamba na Kamachumu. Haina maana kwamba kila nyumba iagize mmoja. Ndani yake mna mambo mawili tunayoyahitaji sana, na moja ambalo jua la Kagera linatupa bure.

Mtambo wenyewe

Kukuza mimea ndani ya maji yenye virutubisho si jambo la jana. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliotesha minyanya kwenye matangi ya maji hadi ikarefuka kiasi cha kuhitaji ngazi wakati wa kuvuna. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hichohicho walitoa kijitabu kilichoeleza mchanganyiko wa virutubisho unaotosha kuulea mmea bila udongo, na mafundi wa haidroponiki bado wanaurejea hadi leo. Kilichokuja baadaye ni kuupunguza ukubwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Boulder, Colorado, iliingiza sokoni AeroGarden, mtambo unaokaa mezani kando ya birika la chai, na wengine wengi wakafuata.

Muundo wake haubabaishi. Chini kuna tangi la maji la lita chache. Juu ya tangi kuna mfuniko wenye matundu, kwa kawaida 6 hadi 12, na katika kila tundu kikombe chenye vitobo hushika kipande cha sponji kilichobeba mbegu. Pampu ndogo huyazungusha maji ili mizizi ipate hewa. Taa ya LED huning'inia juu na kuwaka kwa saa kama 14 hadi 16 kila siku. Wapo wanaobadilisha mfuniko na kuweka trei ya kuoteshea, hapo wakapata miche mingi kwa wakati mmoja, tayari kuhamishiwa bustanini.

Kwa nini taa? Kwa sababu mtambo huu ulibuniwa kwa ajili ya watu wenye majira ya baridi. Mtanzania anayeishi Minnesota au Sweden anajua kwamba mwezi Machi ardhi ya huko bado imeganda, na nyanya isipoanza maisha ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho, majira ya joto yataisha kabla haijaiva. Dirishani kwake jua ni dhaifu na huzama mapema. Bila taa, mche unarefuka, unapauka na kuanguka.

Bukoba iko takribani nyuzi moja na theluthi tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu una saa 12 Januari, una saa 12 Juni. Baridi ya kuua nyanya hatuijui. Taa, ambayo ndiyo sehemu ya gharama kubwa ya mtambo, inatibu ugonjwa ambao sisi hatuna. Tunachohitaji ni paa juu ya mche na mahali pa kuoteshea pasipo vimelea. Watu wa kaskazini wanaingiza miche ndani kuikimbia baridi ya Machi. Sisi tuna sababu ya kuiingiza ndani tukiikimbia mvua ya Aprili.

Migomba na kahawa zilitangulia

Atakayesema kuotesha mimea mbali na udongo ni mambo ya kizungu, akumbushwe yaliyotokea kwenye vibanja vyetu wenyewe. Migomba ilipokuwa inadhoofika kwa fukusi, minyoo na magonjwa, programu ya maendeleo ya jamii ya Kagera, KCDP, iliyofadhiliwa na Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 kuleta aina mpya, zikiwemo FHIA-17 na FHIA-23 zenye asili ya Honduras na Yangambi Km5 kutoka Kongo. Makumi ya maelfu ya miche hiyo ilikuzwa kutokana na vipande vya tishu kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Leuven, ndani ya vyombo visivyo na kijidudu, ikasafirishwa, ikalelewa kivulini kwanza, ndipo machipukizi yake yakagawanywa kijiji kwa kijiji. Miche ilikuja kwa njia hiyo kwa sababu moja kubwa: chipukizi lililochimbwa shambani hutoka na fukusi na minyoo yake, mche wa maabara hauji na mzigo huo.

Funzo hilo lilirudi kwa ukali mnyauko bakteria wa migomba uliporipotiwa Muleba mwaka 2006. Ugonjwa ulisafiri kwa panga lisilosafishwa na kwa machipukizi ambayo jirani alimpa jirani kwa nia njema. Kuanzia hapo, kuuliza mche umetoka wapi hakukuwa tena kukosa adabu.

Kahawa nayo ina hadithi yake. Baada ya mnyauko fuzari kuanza kuua mibuni ya robusta Kagera mwaka 1997, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilitafuta mibuni inayohimili na kuizalisha kwa vikonyo kwenye kituo chake cha Maruku. Aina zilizopatikana zina majina ya nyumbani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Kikonyo hutiwa kwenye sanduku lililofunikwa kwa nailoni, kivulini, unyevu ukilindwa mpaka kitoe mizizi, kisha huhamia kwenye kiriba.

Kwa hiyo mgomba umepitia maabara, na mbuni umepitia sandukuni. Mboga peke yake imeachwa ianze maisha kwenye tope, kila mtu na tuta lake.

Ndoo badala ya pampu

Anayetaka kuanza hahitaji kusubiri mzigo kutoka ng'ambo. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alionyesha kwamba mboga inaweza kukua kwenye maji yaliyotulia, bila pampu na bila umeme. Siri yake ni nafasi ya hewa. Mwanzoni maji hugusa kitako cha kikombe. Mche unapokunywa, maji yanashuka na mizizi inayafuata, na ile sehemu ya mizizi iliyobaki juu ya maji inavuta hewa. Ukirudisha maji hadi juu kila siku kwa huruma, unaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa. Usiyarudishe.

Kwa mahitaji ya hapa, chombo kinachofaa ni beseni pana au ndoo yenye mfuniko. Chombo kisipitishe mwanga: kikiwa cheupe, kipake rangi nyeusi au kizungushie karatasi, maana maji yenye mbolea yakipata jua huota mwani wa kijani unaogombea chakula na mche. Toboa matundu kwenye mfuniko. Kwa sponji, fundi wa makochi ana mabaki ya godoro anayoyatupa. Yakate vipande vya ukubwa wa inchi moja, pasua kila kimoja hadi katikati, loweka, kamua, kisha tumbukiza mbegu moja kwa kina cha nusu sentimita.

Nyanya, kabichi, sukuma wiki, chainizi, bilinganya, nyanya chungu na hoho zote zinakubali. Kabichi na chainizi hutangulia kuchungulia, nyanya hufuata ndani ya siku tano hadi kumi, na hoho huweza kumchosha mtu kwa wiki mbili. Kwenye nyanda za Kamachumu, ambako usiku ni wa baridi zaidi kuliko ufukweni, trei ilale jikoni karibu na figa hadi mbegu zipasuke. Nyanya haihitaji mwanga ili kuota. Saladi ni kinyume: mbegu yake inataka mwanga, basi iachwe juu ya sponji bila kufukiwa. Karoti na figili zisiingizwe kwenye mpango huu, kwa kuwa mzizi ndio mazao yenyewe na ukiguswa unapinda au kugawanyika. Mchicha na maharage ziende moja kwa moja bustanini, hazina shida ya kubembelezwa.

Maji ya kutumia tunayo kwa wingi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, baada ya kuacha yale ya mwanzo yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, hayana chumvi nyingi na yanafaa sana. Anayetumia maji ya bomba ya BUWASA ayaache kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha ili klorini ipungue.

Mpaka majani mawili ya mwanzo yafunguke, maji matupu yanatosha, kwani mbegu ina akiba yake. Yakishafunguka, mche unataka chakula. Hapa wengi hukosea kwa kuchota urea au DAP kutoka kwenye mfuko wa mahindi. Urea hutegemea bakteria wa udongoni ili igeuke kuwa naitrojeni ambayo mizizi inaipokea vizuri, na kwenye beseni safi bakteria hao hawatoshi. DAP nayo inapungukiwa potasiamu, kalsiamu na madini mengine mengi. Nunua mbolea inayoyeyuka yote majini, yenye virutubisho vikubwa pamoja na vile vidogo kama chuma, zinki na boroni, na uitumie kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kalsiamu naitreti iyeyushwe kwenye chombo chake, kisha ndipo vimiminika viwili vikutanishwe kwenye maji mengi. Ukizichanganya zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na fosfeti au salfeti na kutuama chini kama chokaa, na mche haupati kitu.

Lipo jambo moja ambalo mtu wa Minnesota haliwazi na mtu wa Muleba hana ruhusa ya kulisahau. Maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Muleba inajulikana duniani kwa watafiti wa malaria: ni hapo vyandarua vilivyoongezwa kiambato cha PBO, kwa ajili ya mbu waliozoea dawa ya kawaida, vilifanyiwa majaribio makubwa yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Kwa hiyo mfuniko ubane, kila tundu liwe na kikombe chenye sponji, na tundu lisilotumika lizibwe. Beseni la wazi lenye maji ya mbolea barazani ni kosa la kiafya, hata kama lina miche mizuri namna gani.

Mwanga wa baraza

Jikoni si mahali pa kuukuzia mche baada ya kuota. Nyumba zetu zina paa lililochomoza, madirisha madogo na mara nyingi migomba ukutani kabisa, na mwanga unaoingia hauitoshi nyanya. Baraza inayotazama mashariki ni bora zaidi. Bora kuliko yote ni kibanda kidogo cha nguzo nne kilichoezekwa kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, pembeni kikizungushiwa chandarua chenye matundu madogo kuzuia inzi weupe na kantangaze. Hapo mche unapata jua lote la asubuhi na haupati hata tone la mvua.

Anayeamua kutumia taa, kwa sababu anaishi kwenye chumba cha kupanga mjini, naye hajakosea. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 14 kwa siku hula chini ya uniti tisa kwa mwezi. Umeme ukikatika jioni moja mche haufi, hasa kwenye ndoo ya Kratky isiyo na pampu ya kuzimika.

Miche ya ndani ina udhaifu mmoja: haijapigwa na upepo, hivyo shina lake ni jepesi. Dawa yake ni kiganja. Kila asubuhi pitisha mkono juu ya vichwa vya miche, taratibu, mara kumi au zaidi, kwenda na kurudi. Nyanya inayoguswa namna hiyo hubaki fupi na shina lake hunenepa. Geuza na trei pia, upande uliokuwa ukutani utazame jua.

Siku ya kuhama

Mizizi iliyokua majini ni myeupe, mirefu na laini, na vinyweleo vya kunyonyea maji udongoni ni vichache. Ukiutoa mche kwenye beseni saa nne asubuhi na kuupanda shambani moja kwa moja, saa saba utaukuta umelala. Pitia hatua ya katikati. Majani halisi mawili yakitokea, hamisha kipande cha sponji pamoja na mche kwenye kiriba chenye udongo laini, samadi iliyooza vizuri na mchanga. Udongo huo upashwe moto kwanza kwenye debe lenye maji kidogo kwa nusu saa, upoe, ndipo utumike. Bila hivyo utakuwa umeukimbiza mche kinyausi ili ukakutane nacho mlangoni.

Wiki ya kwanza kiriba kibaki chini ya paa, udongo ukiwa na unyevu bila kulowa chapachapa. Wiki ya pili na ya tatu kipate jua kidogo kidogo, maji yapunguzwe, mche ujue shida. Kupanda kufanyike jioni.

Lakini mche safi hautibu shamba chafu. Mnyauko bakteria wa nyanya hukaa udongoni kwa miaka, ukihifadhiwa na jamaa zote za nyanya: viazi mviringo, bilinganya, pilipili, nyanya chungu. Palipokufa nyanya mwaka jana, panda mahindi au maharage. Kwa asiye na eneo jingine, kuna njia ya kubebesha. Kituo cha Mboga Duniani, ambacho kina tawi Arusha, kimekuwa kikihimiza nyanya ibebeshwe juu ya shina la bilinganya linalohimili mnyauko, kama aina ya EG203. Kazi hiyo inadai miche ya nyanya na ya bilinganya yenye unene unaolingana, laini, isiyo na tope. Kitalu cha masika hakiwezi kuitoa. Beseni la barazani linaweza.

Nani aifanye

Tusidanganyane kuhusu ukubwa. Ekari moja ya nyanya huhitaji miche ipatayo 9,000, na mtambo wa matundu 12 ungemaliza maisha ya mtu. Matundu 12 ni ya familia: minyanya mitano, hoho tatu, sukuma wiki nne, na nyumba haitanunua mboga kwa miezi kadhaa. Kwa familia hiyo ndoo moja inatosha, na hakuna cha kuagiza.

Penye pesa ni katikati ya hizo mbili, yaani kwa anayeotesha miche na kuiuza. Kibanda kimoja chenye bati la plastiki, meza za miti ya mlunda na trei za kutosha kinaweza kuhudumia wakulima wa mabondeni kata nzima mwishoni mwa Mei, wakati ambapo vitalu vya wazi vimeshalala. Mkulima atanunua mche uliokwisha kutoka badala ya pakiti ya mbegu yenye mashaka, na hasara ya wiki nne za mwanzo itabebwa na mwenye ujuzi wa kuizuia. Kwa migomba na kahawa kazi hiyo ya katikati imekuwa na taasisi Maruku, wataalamu na fedha za wahisani. Kwa mboga inaweza kufanywa na kikundi cha vijana au shule ya sekondari yenye bustani. Hapo afisa ugani wa kata angepata kitu cha kuwaonyesha watu kwa macho.

Mvua haitapungua kwa ajili ya nyanya, na hatuna sababu ya kuomba ipungue. Ndiyo inayonenepesha mikungu ya Kamachumu na kuichanusha mibuni ya Maruku. Bila hiyo kusingekuwa na kibanja cha kujivunia. Mche wa nyanya ndio unaotakiwa kuipisha kwa hizo wiki nne au tano, kisha uje shambani ukiwa na shina lake na mizizi yake. Anayetaka kuvuna Agosti ana kazi ya kufanya barazani kwake kabla Aprili haijaisha.